Nani Anaruhusiwa Kufuta Kazi ya Mwanafunzi?

Kwa Wakuu wa Shule za Sekondari Pevu nchini Kenya zenye maabara ya kuhariri video, na kwa Bodi zao za Usimamizi

KUH: MGAO WA HIFADHI YA KAZI ZA WANAFUNZI

Waheshimiwa,

Gredi ya 10 ya kwanza chini ya mtaala wa umilisi iliingia sekondari pevu Januari 2026, na pamoja nayo yakaingia masomo ambayo shule nyingi hazikuwahi kuyafundisha darasani: Maigizo na Filamu katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na Teknolojia ya Media katika mkondo wa STEM. Kabla ya hapo, filamu katika shule zetu ilikuwa shughuli ya chama cha drama, ikiandaliwa mbio mbio kwa ajili ya Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, kisha ikasahauliwa hadi mwaka unaofuata. Sasa filamu ni somo. Ina ratiba, ina mradi unaotathminiwa, na ina mwanafunzi anayetarajiwa kuonyesha kazi aliyoifanya tangu hatua ya kwanza. Shule zilizojiandaa zimenunua kamera, vinasa sauti, taa na kompyuta zenye nguvu ya kutosha. Jambo moja ambalo halimo kwenye orodha za ununuzi ni mahali ambapo kazi ya mwanafunzi itakaa: atapewa nafasi kiasi gani, kwa muda gani, na nani ana mamlaka ya kuifuta. Nawaandikia kuwaomba muamue hilo, mliandike, na mlibandike mlangoni mwa maabara. Naamini kwamba diski inayojaa kila muhula ni dalili ya uamuzi ambao haujafanywa, na kwamba fedha peke yake haitautibu ugonjwa huo.

Tazameni mambo yanavyokwenda pale uamuzi unapokosekana. Kompyuta ya maabara huja na diski moja, mara nyingi ya gigabaiti 256 au 512. Humo kuna Windows, kuna programu ya kuhariri, na nafasi iliyobaki ni ya yeyote aliyewahi kuketi mbele ya kompyuta hiyo. Kufikia katikati ya muhula, desktopu imejaa folda zenye majina kama «Filamu», «Filamu mpya», «Filamu mpya ya mwisho», «Ya mwisho KABISA», na moja imeandikwa «USIFUTE» na mwanafunzi ambaye keshamaliza shule. Hatimaye nafasi inakwisha. Programu inagoma kuhifadhi, onyo jekundu linatokea, zimebaki dakika 10 kipindi kiishe, na mwanafunzi anayetaka kuinusuru kazi yake anafanya ambalo wengi wangelifanya: anafuta folda ya mtu asiyemjua. Wiki ya kufunga shule, msimamizi wa maabara anaagizwa «kusafisha» kompyuta, na kwa kuwa hajui kipi ni cha nani wala kipi kina thamani, anafuta vyote au anapakia Windows upya. Hakuna shule inayokusanya madaftari ya wanafunzi siku ya kufunga na kuyachoma kwa sababu kabati limejaa. Mkuu wa shule angeitwa na afisa wa elimu wa kaunti ajieleze. Katika maabara ya video tendo hilo hilo linaitwa usafi.

Wapo watakaosema dawa ni diski kubwa zaidi, na hoja yao inastahili kupimwa kwa hesabu. Chukueni darasa la wanafunzi 40 lililogawanywa makundi ya wanne wanne, yaani makundi 10. Kila kundi linatengeneza filamu ya dakika 10 na limerekodi saa mbili za picha ghafi, kiasi ambacho si cha ajabu kwa wanaojifunza. Kamera ikirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwa picha ya HD yenye ubora mzuri, saa moja ni gigabaiti 22.5 na saa mbili ni 45. Makundi yote 10 yanahitaji gigabaiti 450. Hizo si nyingi. Diski moja ya terabaiti 1 inazibeba na bado ina nafasi ya kupumua. Kwa nini basi maabara yenye hifadhi mara tano ya hiyo inajaa? Kwa sababu wanne wa kundi moja, kila mmoja akiwa na akaunti yake na kompyuta yake, wote wananakili picha zile zile. Gigabaiti 45 zinakuwa 180, na darasa zima linafika terabaiti 1.8. Mmoja akisoma mahali kwamba video inaharirika vizuri zaidi ikibadilishwa kuwa umbizo la ProRes 422, saa zake mbili za HD zinakuwa karibu gigabaiti 110 juu ya zile 45 alizokuwa nazo, naye hazifuti zile za kwanza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anaweza. Mnunulieni diski mara mbili ya aliyonayo, atatengeneza nakala mara mbili ya alizo nazo. Nafasi isiyo na mwenyewe wala kikomo hujaa kwa kasi ile ile, iwe kubwa au ndogo.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kosa la suluhisho ambalo wasimamizi wengi wa maabara hulikimbilia, la kumpa kila mwanafunzi kiasi sawa, tuseme gigabaiti 20, na kumwambia ajipange. Linaonekana la haki, lakini haliendani na kazi yenyewe. Picha za kundi moja haziingii katika gigabaiti 20, kwa hiyo kundi linalazimika kuzitawanya: mahojiano kwa mmoja, picha za soko kwa mwingine, sauti kwa wa tatu. Siku wa tatu anapougua na kupelekwa nyumbani, filamu inabaki bubu. Filamu ni kazi ya pamoja, na hifadhi yake inapaswa kuwa ya pamoja. Gaweni nafasi kwa mradi, si kwa kichwa. Kila mradi uwe na folda moja katika seva au katika diski ya mtandao wa maabara, yenye mgao wake, inayofunguliwa na wanakundi wote pamoja na mwalimu, na kufungwa kwa wengine. Mwanafunzi mmoja mmoja apewe kasehemu kadogo tu, gigabaiti 3 au 5, kwa mazoezi yake na maandishi ya miswada. Kwa mfano tuliouchukua, mradi ukipewa gigabaiti 70 unabeba picha ghafi, nakala za kuhariria, muziki, na matoleo kadhaa ya filamu. Makundi 10 hayavuki gigabaiti 700, na madarasa mawili yanaingia katika diski ya terabaiti 2 na nafasi inabaki. Kifaa kile kile kilichokuwa hakitoshi sasa kinatosha.

Msimamizi wa maabara atakayetumwa kutekeleza hili na ajue tofauti moja ndogo yenye uzito mkubwa. Mgao wa kawaida uliomo ndani ya Windows huhesabu kwa mwenye faili katika diski nzima, hautambui folda. Ukitumiwa katika folda ya kundi, utamlaumu yule aliyemwaga picha kutoka kwenye kamera, huku wenzake watatu wakionekana hawana kitu. Mgao wa folda unapatikana katika Windows Server, na vifaa vingi vya hifadhi ya mtandao vina njia yake ya kuweka kikomo kwenye folda ya pamoja. Kwa wanaotumia Linux kuna mpangilio ambao mimi naupenda zaidi kwa sababu unafanana na jinsi mwalimu mwema anavyodai kazi: kikomo laini, ambacho mtumiaji akikivuka anaonywa na kupewa muhula wa kujirekebisha, kwa kawaida siku 7, na kikomo kigumu ambacho hakivukiki. Mwanafunzi hafungiwi ghafla katikati ya kazi. Anajua mapema, na anapata muda wa kukaa na wenzake waamue kipi kiondoke.

Kuamua kipi kiondoke ndiyo sehemu ambayo shule zinaipuuza, ilhali ni somo lenyewe. Faili za mradi wa video hazina thamani sawa, na ukubwa wa faili hausemi lolote kuhusu thamani yake. Faili ya mradi, ile inayobeba maamuzi yote ya mhariri kuhusu wapi pakatwe na nini kifuate nini, mara nyingi ni ya megabaiti chache tu. Ndiyo jasho la muhula mzima. Picha ghafi ni kubwa na hazirudishiki: mzee aliyehojiwa hatahojiwa tena, mvua iliyonyesha siku ile haitanyesha vile. Filamu iliyokamilika ni ya wastani, nayo inaweza kutolewa upya ikiwa viwili vya kwanza vipo. Halafu kuna faili za muda ambazo programu inajitengenezea ili picha zicheze bila kukwama. Hizo ni kubwa mno, zinajificha, na hazina thamani yoyote, kwani programu itazitengeneza tena ikizihitaji. Katika Premiere, mojawapo ya programu za kuhariri, kwa kawaida hizo hukaa ndani ya folda ya mtumiaji kwenye diski ya mfumo, mahali ambapo mwanafunzi hapaoni. Ndiyo sababu diski inajaa hata pale ambapo wanafunzi wamefuta «kila kitu». Agizo moja tu, la kuzihamishia faili hizo katika folda inayojulikana na kuzifuta kila Ijumaa, linaweza kurudisha nafasi ambayo shule ilikuwa inataka kuinunua.

Usafi wa upofu hugeuza mambo kichwa chini. Chukueni DaVinci Resolve, programu ambayo toleo lake la bure limeingia katika maabara nyingi kwa sababu ni nzuri na haina malipo. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Resolve haiweki mradi kama faili ndani ya folda ya mwanafunzi. Inauweka katika hifadhidata yake, kwenye kompyuta ile. Mwanafunzi mwangalifu ananakili folda yake yote yenye picha na sauti na kuamini amejisalimisha. Msimamizi anapakia Windows upya. Wanaporudi kutoka likizoni picha zote zipo, lakini uhariri wote umepotea. Kumbe ingetosha kumfundisha kila mwanafunzi auhamishe mradi wake kama faili ya .drp ndani ya folda ya kundi kabla ya kuondoka. Jambo hili lastahili kuwemo katika somo la wiki ya kwanza, kabla hata ya kufundisha kukata picha.

Kuna pingamizi la kiufundi ambalo siwezi kulipita: kwamba kuweka miradi yote katika seva moja kutaikwamisha maabara. Pingamizi hili lina ukweli. Mtandao wa waya wa gigabiti 1 hubeba, hata kwa hesabu ya karatasini, megabiti 1,000 kwa sekunde. Kompyuta 20 zikivuta picha za megabiti 50 kwa wakati mmoja zimeumaliza wote, na mhariri anayecheza picha mbili kwa pamoja anahitaji maradufu. Kwa Wi-Fi, tusijidanganye. Lakini waliobobea katika kazi hii waliondoka zamani kwenye mtindo wa kuhariri picha nzito moja kwa moja. Hutengeneza nakala nyepesi, wanahariri kwa hizo, na mwishoni programu inazirudisha picha kamili zenyewe. Nakala nyepesi za megabiti 5 kwa sekunde zinafanya saa mbili za picha kuwa gigabaiti 4.5. Zinaingia katika kompyuta yoyote, na mwanafunzi akikuta kompyuta aliyoizoea imeharibika, anahamia nyingine bila kusubiri. Premiere na Resolve zinafanya kazi hii zenyewe. Hata Kdenlive na Shotcut, ambazo ni za bure kabisa, zinaifanya. Picha ghafi zibaki kwenye seva, zikiwa zimefungwa zisomeke tu, ili hata mwanakundi mwenye hasira asiweze kuzifuta.

Shule nyingine zimechagua njia ya mkato: kila mwanafunzi aje na flashi yake. Naelewa kishawishi. Gharama inahamia kwa mzazi, na lawama inamfuata mwanafunzi. Ila flashi ya gigabaiti 32 haiwezi kubeba gigabaiti 45. Flashi za ukubwa huo kwa kawaida huja katika mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Kwa picha za megabiti 50, hayo ni mahojiano ya dakika 11 na ushee. Flashi nyingi za bei nafuu huandika kwa megabaiti 10 kwa sekunde au chini ya hapo, kwa hiyo hata kundi likipata flashi kubwa, kunakili gigabaiti 45 kunachukua zaidi ya saa moja, katika kipindi cha dakika 40. Sijataja virusi vinavyohama kutoka saibaa za mjini hadi maabara, wala mwanafunzi ambaye mzazi wake hakuweza kununua flashi, ambaye kazi yake itaanza na kuishia kwenye hisani ya wenzake. Tukumbuke pia kwamba wengi wa wanafunzi hawa wako bweni, simu hawaruhusiwi, na kompyuta nyumbani hawana. Maabara ndiyo mahali pekee ambapo kazi yao inaweza kuwepo. Kumwambia mtoto wa hali hiyo ajitafutie hifadhi ni kumfungia somo.

Hifadhi ya mtandaoni nayo ina mahali pake, na mahali hapo ni padogo kuliko inavyodhaniwa. Shule zilizojisajili na Google kwa elimu zilizoea kuambiwa nafasi haina mwisho. Ahadi hiyo iliondolewa mwaka 2022, na sasa kifurushi cha bure ni terabaiti 100 kwa taasisi nzima. Bado ni nyingi kwa shule moja. Kikwazo ni njia ya kuzifikia. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika, gigabaiti 45 za kundi moja zinahitaji saa 10. Makundi 10, saa 100, na muda huo ofisi ya karani na walimu wengine wakiwa wamekaa bila mtandao. Pandisheni huko faili za miradi na filamu zilizokamilika. Picha ghafi zibaki shuleni.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la walimu wa sanaa, wanaohofia kwamba kikomo kitambana mwanafunzi mwenye kipaji. Wanauliza: itakuwaje kwa kundi linalohitaji saa sita za picha ili kupata makala ya kweli kuhusu wavuvi au soko la mifugo? Jibu langu la kwanza ni kwamba kikomo kilichoandikwa kinaweza kuombewa nyongeza kwa maandishi, mwalimu akaidhinisha, na nafasi ikatoka katika akiba ya shule. Kikomo ambacho hakijaandikwa hakiombewi. Kinamkuta mwanafunzi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi. Jibu la pili ni kwamba ufundi wenyewe ulikulia ndani ya vikomo. Mkanda wa futi 400 wa filamu ya milimita 16 huisha baada ya takriban dakika 11, na waliotengeneza filamu kwa mkanda huo walilazimika kujua wanachokitafuta kabla ya kubonyeza. Kundi linalorekodi saa sita kwa filamu ya dakika 10 mara nyingi halijaandika mswada. Mgao unawarudisha mezani, na hilo ni jema kwao. Sitadai kwamba ni hivyo daima. Makala ya uchunguzi yana njaa yake halali ya picha, na mwalimu aachiwe kutofautisha.

Sasa kufuta. Ninaposema kazi isifutwe kiholela sisemi itunzwe milele. Picha ghafi za wanafunzi ni nyuso na sauti za watoto, na mara nyingi za majirani wa shule waliokubali kuhojiwa kwa ajili ya somo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto, na inakataza kukaa na data ya mtu kwa muda unaozidi haja iliyofanya ikusanywe. Asiyedhani sheria hii inazihusu shule akumbuke kwamba Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Diski iliyojaa mahojiano ya miaka mitano, inayofunguliwa kwa nenosiri ambalo darasa zima linalijua, ni hatari ile ile ikisubiri siku yake. Kwa hiyo kufuta ni wajibu, na kama wajibu mwingine wowote kunahitaji tarehe, mhusika na utaratibu. Pendekezo langu ni kwamba picha ghafi ziondolewe wiki nne baada ya alama kutolewa na malalamiko kusikilizwa, baada ya kundi kupewa orodha ya kitakachofutwa na kuweka sahihi. Siku ya kufunga muhula ndiyo siku mbaya kuliko zote, na muhula wa kwanza ni mbaya zaidi, kwa kuwa fainali za kitaifa za tamasha la drama na filamu hufanyika Aprili na hariri ya mwisho ya filamu mara nyingi hufanywa shule nyingine zikiwa zimekwisha kufunga.

Filamu zilizokamilika pamoja na faili za miradi ni jambo jingine. Idhini ikiwepo, hizo zitunzwe. Filamu ya dakika 10 kwa megabiti 20 kwa sekunde ni gigabaiti 1.5. Darasa letu la makundi 10 linatoa gigabaiti 15 kwa muhula, 45 kwa mwaka. Gredi tatu zenye darasa moja moja ni 135. Diski ya terabaiti 4, ambayo haifikii bei ya kompyuta moja ya kuhariria, ingebeba filamu za shule hiyo kwa miaka zaidi ya 25, ingawa diski yenyewe haitaishi hivyo na itabidi ibadilishwe mara kadhaa. Shirika la BBC lilizifuta kanda nyingi katika miaka ya 1960 na 1970 ili kuzitumia tena na kupata nafasi, na zaidi ya vipindi 90 vya mfululizo wa Doctor Who havijaonekana hadi leo. Vipindi tisa vilitangazwa kupatikana mwaka 2013. Nakala zake zilikuwa zimekaa katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Waliofuta hawakuwa wajinga. Walikuwa na rafu zilizojaa, na hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kusema hiki kibaki.

Hadithi hiyo ya Jos inafundisha pia kwamba nakala inayookoa ni ile iliyo mahali pengine. Diski mbili ndani ya kisanduku kimoja zinazoandikwa kwa pamoja zinamkinga mtu dhidi ya diski moja kufa. Hazimkingi dhidi ya wizi, moto, au kidole kilichobonyeza «futa», maana zote mbili zinafuta kwa pamoja. Shule inahitaji diski ya pili inayonakiliwa kila wiki na kufungiwa katika ofisi nyingine, na mtu ajaribu kufungua faili zake angalau mara moja kwa muhula. Inahitaji pia UPS kwenye seva kabla ya kufikiria kamera mpya. Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ilibaki gizani kwa saa nyingi, na umeme ukikatika wakati diski inaandika, faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kuharibika isifunguke tena.

Najua swali linalobaki: kazi hii yote ni ya nani? Mwalimu wa filamu ana vipindi vyake, na msimamizi wa maabara, pale alipo, ndiye pia anayetengeneza printa ya ofisi. Ruzuku ya shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka hucheleweshwa, na hakuna atakayeajiri mtu wa kutunza diski. Sina pingamizi na ukweli huo. Lakini kazi ninayoieleza ikigawanywa ni nyepesi kuliko vurugu iliyopo. Kufungua folda 10 zenye mgao ni asubuhi moja mwanzoni mwa muhula. Kila kundi lichague mtunza kumbukumbu wake, awajibike kumwaga picha kutoka kwenye kamera, kuzipa majina yenye tarehe, kutengeneza nakala nyepesi na kusoma kiasi kilichobaki. Katika utengenezaji wa filamu wapo watu wanaolipwa kwa kazi hiyo peke yake. Mwanafunzi anayeifanya vizuri anajifunza ufundi, na mwalimu ampe alama kwa hilo. Kinachobaki mikononi mwa msimamizi ni nakala ya kila wiki na mamlaka ya kufungua na kufunga.

Ninachoomba kwenu, basi, ni ukurasa mmoja utakaopitishwa na Bodi: kiasi cha mgao kwa mradi na namna ya kuomba nyongeza, tarehe ya kuondolewa kwa picha ghafi katika kila muhula, jina la ofisi inayotunza nakala ya pili, na kifungu kinachosema kwamba hakuna mtu, awe mwanafunzi, mwalimu au fundi, atakayefuta folda ya mradi bila sahihi ya kundi na ya mwalimu wa somo. Ukurasa huo ukiwepo kabla ya kamera kugawiwa mwanzoni mwa muhula ujao, makundi yatarekodi yakijua yana gigabaiti ngapi. Zile kompyuta ambazo tayari zimejaa zisiguswe kwanza. Wapeni wanafunzi wiki mbili wadai kilicho chao, pamoja na yule wa «USIFUTE», ambaye shule bila shaka ina namba ya mzazi wake.

Wasalaam.